Mayai Katika Kapu la Mama Glory

Wifi yangu, Mama Glory,

Bwana Yesu asifiwe. Najua huko uliko mnamsifu uso kwa uso na hamna haja ya kukumbushwa na mtu wa darasa la saba, lakini sijui kuanza maneno bila salamu hiyo. Hii kalamu ni nyekundu kwa sababu ya bluu imeisha wino. Usianze kucheka.

Tangu tukuzike pale nyuma ya migomba sijakuandikia. Tungeandikiana nini sisi, nyumba zetu zinatenganishwa na mstari wa miti ya masale tu? Kila jioni ulikuwa unaita kutoka upande wako, "Wifi, kuku umewafungia?" Na mimi najibu, "Nimewafungia, kalale." Hata siku niliyokuwa na homa uliita. Hata siku tuliyogombana kwa sababu ya mbuzi wangu kula maharage yako, ulinuna mchana kutwa, jioni ukaita vilevile, kwa sauti ya kununa. Sasa jioni inafika kimya, na mimi naongea na kuku. Lakini leo nina habari ambayo kuku hawawezi kuibeba. Ni habari ya mtoto wako, nami nimejaa nayo mpaka kifua kinauma.

Glory ametengeneza kitu, Mama Glory. Hakukinunua, hakukiazima kwa wazungu. Amekitengeneza. Na kimetoka kwenye mayai yako.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa unanisema kwamba nasimulia kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Ulipoondoka, Glory alikuwa bado anatafuta kazi. Miezi ile ya kwanza ndipo alipochukuliwa kwenye maabara ya mifugo, akapanga chumba Sakina kule mjini, kila Ijumaa jioni anapanda huku kwetu kumwangalia baba yake. Nikamuuliza, huko maabara unafanya nini hasa? Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori. Akaweka kisu chini akaniambia, "Shangazi, unamkumbuka yule ndama wa mama?"

Nitamsahauje? Yule wa kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Ulikaa naye zizini umemfunika kanga yako, unamshika tezi zilizovimba chini ya masikio, unasema, "Wifi, ugonjwa umejaa hapa, ungekuwa na mlango ningeufungua utoke." Ndigana kali. Alikufa kichwa kikiwa kwenye mapaja yako, povu puani. Na Glory alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, haendi shule, anatazama.

Basi kumbe hakuacha kutazama. Akanieleza kwamba kwenye damu kuna askari wanaolinda mwili. Askari hao hawatembei ovyo. Kila mmoja ana kitu kwenye ngozi yake, kama sikio, kinachomwambia aende wapi: nenda kwenye tezi, nenda kwenye mapafu, nenda kwenye kidonda. Wao wanakiita kipokezi. Sasa ndigana ina ujanja wa shetani. Kupe akishauma, yule mdudu wa ugonjwa anaingia ndani ya askari mwenyewe, na askari anageuka kuwa mbebaji. Anausambaza ugonjwa mpaka mapafuni, ng'ombe anazama kwa maji yake mwenyewe. Kazi yao Glory ni kujua askari wale waliotekwa wanasikia kwa sikio gani, wanaitwaje mpaka waende kule.

Lakini hayo masikio hayaonekani kwa macho, wala kwa hadubini peke yake. Unahitaji kitu cha kwenda kuyashika, yaani kingamwili, kisha unakitia rangi inayong'aa, ndipo uone ni askari gani analo na nani hana. Na kingamwili zilizokuwa zinauzwa zilitengenezwa kwa ajili ya binadamu na panya. Walizijaribu kwa askari wa ng'ombe, zikateleza tu.

Kwa nini kuku, nikamuuliza. Akacheka kicheko chako kilekile cha kuziba mdomo kwa kiganja. Akasema ng'ombe, mbuzi, sungura, sisi wote tunafanana sana kwa ndani. Mwili wa mbuzi ukionyeshwa kipande cha ng'ombe unasema huyu ni ndugu, unanyamaza. Kuku ni mtu wa mbali. Ukimchoma sindano yenye kipande kidogo cha kile kipokezi, mwili wake unashtuka, huyu mgeni ni nani, unatengeneza kingamwili ya kumkamata. Halafu, wifi, sikiliza hapa. Hiyo kingamwili kuku haiweki kwenye damu yake tu. Anaiweka kwenye kiini cha yai. Anamwekea kifaranga akiba ya ulinzi kabla hata hajamwona. Hivyo hawana haja ya kumwaga damu ya kuku, wanasubiri mayai.

Niliposikia hivyo niliendelea kumenya ndizi sikumwangalia usoni, maana nilikufikiria wewe.

Maabara haikuwa na banda, kwa hiyo wakakubali kuku wafugiwe hapa nyumbani, daktari wao anakuja na sindano. Tulitenga watatu. Wawili wa kununua Tengeru, mmoja yule mweusi wako, wa uzao wa kuku uliyekuja naye siku ya harusi ukiwa umembana kwapani nasi tukakucheka. Wakachomwa kifuani, wakapumzishwa, wakachomwa tena. Yule mweusi kila akimwona daktari anaruka juu ya paa la zizi na kumtukana. Daktari anasema, "Mama, huyu ana roho ya nani?" Mimi najua ni ya nani.

Mayai ya kwanza yalipopimwa, ya wale wawili hayakushika chochote. Ya mweusi yalionyesha dalili. Akachomwa sindano ya mwisho, na kile kipande kilichokuwa kimetengenezwa nje ya nchi na kuletwa ndani ya barafu kikawa kimeisha. Ikabaki kungoja mayai yenye nguvu. Glory akawa ananipigia simu kila asubuhi, "Shikamoo shangazi, ametaga?" Hata marahaba hasubiri. Mayai yenyewe nikawa namkusanyia, naye akija Ijumaa anayaweka stoo kwenye lile kapu lako la ukindu, juu kabisa kwenye rafu, kwa sababu pale pana ubaridi na panya hawafiki.

Hapo ndipo ilipoingia habari yenyewe.

Kapu lile, wewe ndiye uliyelifanya lilivyo. Kwenu humo ndani kilichowekwa kwenye kapu la juu hakiguswi, ni malimbuko. Yai la kwanza la kila tetea, parachichi la kwanza, kahawa ya kwanza kuiva. "Hili si letu," ulikuwa unasema, na hata Glory akiwa mdogo na njaa zake alipita chini ya lile kapu bila kuinua macho. Ulipokufa likabaki tupu. Kaka yangu hakulishusha wala hakulitia kitu. Tangu msiba alikuwa anaenda kanisani mikono mitupu, mzee wa kanisa mzima, anakaa benchi la nyuma kama mgeni. Nilimwambia, akanijibu, "Aliyekuwa anatoa ni Mama Glory. Mimi nilikuwa mbebaji tu."

Ijumaa kabla ya Sikukuu ya Mavuno kicheche alichimba chini ya ubao wa banda akamuua yule mweusi. Siwezi kukuandikia nilivyomkuta. Glory alikaa chini kwenye majani ya migomba na suruali yake ya kazini. Hakulia. Akasema tu, "Basi shangazi, yaliyoko kwenye kapu ndiyo yote yaliyobaki duniani." Kipande kimeisha, kuku amekufa, na mkataba wake pale maabara ulikuwa unasubiri matokeo. Akapanga Jumatatu asubuhi ayashushe mjini.

Jumapili tukatangulia kanisani, mimi na yeye. Kaka akasema atakuja nyuma. Ibada nzuri, kwaya ya vijana wakaimba mpaka vioo vikatetemeka. Tukatoka nje kwenye mnada wa mavuno kama kawaida, mikungu ya ndizi, mahindi, mbuzi mmoja mkorofi anakula maua ya madhabahu. Mnadishaji ni Mzee Elisante, si unamjua maneno yake. Nikamwona kaka amesimama pembeni na koti lake la harusi. Uso wake, wifi! Sijauona uso ule tangu tukuzike. Ulikuwa umenyooka. Umefunguka.

Halafu Mzee Elisante akainua kapu.

"Mayai ya Mama Glory!" akapaza sauti. "Nani hapa hajawahi kula yai la Mama Glory? Tulidhani kapu hili limekwenda naye, leo limerudi! Yai hili ukimkaangia mke mkorofi, anakuwa mpole mpaka Krismasi!"

"Basi nunua wewe, mzee, mkeo tunamjua!" akajibu mmoja wa kina mama, watu wakaangua kicheko.

Glory alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Shangazi," akasema chini chini, "ni yale."

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kaka, ambaye hatukuwa tumemwambia mayai ya kazi yanakaa wapi, alifungua stoo asubuhi, akakuta kapu lako limejaa, siku ya mavuno. Akafikiri mimi au Glory tumelirudisha. Akavaa koti, akalibeba mwenyewe. Baada ya mwaka mzima wa mikono mitupu, mtu amepata cha kumpelekea Mungu kwa jina la mkewe. Sasa nani atapita mbele ya watu wote amwambie, baba, umekosea, rudisha?

Nikamwambia Glory anyamaze, tutayanunua. Nikainua mkono. Kina mama wa kwaya wakaongeza. Nikaongeza. Seremala wa njia panda akaongeza. "Wifi mtu anataka kula mayai peke yake!" wakanitania, wakaongeza tena. Hawakuwa wanashindania mayai, Mama Glory. Walikuwa wanakushindania wewe. Kila aliyeinua mkono alikuwa na neno lake: huyu ulimpelekea mayai alipojifungua, yule ulimlelea mtoto kwa uji wa mayai. Nikaona siwezi kushindana na watu wanaokupenda, na mfuko wangu ulikuwa umeshafika mwisho.

Ndipo Glory akaachia mkono wangu akaenda mbele. Unamjua mwanao. Yule ambaye siku ya kipaimara alisahau mstari wake akajificha nyuma ya gauni lako. Akaomba ruhusa kwa mchungaji, akageukia watu. 

Akasema, "Baba hajakosea. Kapu hili ni la Bwana, mama alitufundisha hivyo, na kilichowekwa humo kinapaswa kuletwa hapa. Aliyekosea ni mimi niliyeweka humo kitu cha kazi." Nikamwona kaka anashika nguzo ya kengele. Glory akaendelea, akaeleza kuku, sindano, askari waliotekwa, sikio la kwenye ngozi. Hakutumia hata neno moja la kujionyesha, na mahali Kiswahili kilipomkwama akamalizia kwa Kimeru. Kuna kina bibi pale walikuwa wanaitikia kwa kichwa kama mahubiri. "Haya mayai si ya kula," akasema. "Siwaombi mnirudishie, yameshatolewa kwa Mungu. Naomba na mimi niingie kwenye mnada kama wengine. Nikishindwa, atakayeyapata naomba tu asiyapike."

Hata mbuzi aliacha maua.

Mzee Elisante alilishika kapu kwa mikono miwili. Akaangalia kapu, akaangalia watu. "Haya," akasema hatimaye, taratibu. "Binti wa Mama Glory ameingia mnadani. Yuko wa kushindana naye?"

Seremala wa njia panda ndiye aliyejibu. "Ndama wangu juzi amekufa," akasema, "tezi zimevimba hivi." Akaonyesha kwa mikono yake miwili shingoni kwake mwenyewe. "Mimi sishindani naye. Mimi namnunulia."

Unajua desturi yetu ya mnada, mtu ananunua mkungu halafu anampa mchungaji au mjane. Basi mmoja akasema na mimi namnunulia Glory, na mwingine na mimi, kwaya nzima, kina bibi wakifungua mafundo ya kanga. Sahani ya sadaka ilijaa ikaletwa nyingine. Mungu alipata chake mara nyingi kuliko mayai yalivyostahili, na kapu likawa la mwanao kwa haki, mbele ya mashahidi wote.

Kaka ndiye aliyelichukua kwa Mzee Elisante akamkabidhi Glory. Wakaangaliana. Kisha akasema, "Lete nikubebee." Alikuwa amesema yeye ni mbebaji, akabeba. Mchungaji akatoa gari lake siku ileile, na mumeo akakaa kiti cha mbele na kapu mapajani mpaka mjini. Kila tuta la barabarani ananyanyua kapu juu kama mtu anayebatiza. Mchungaji alisema hajawahi kuendesha polepole namna ile hata kwenye mazishi.

Baada ya hapo tukaanza kungoja, usharika mzima. Sokoni watu hawaniulizi tena habari za nyumbani, wananiuliza, "Mama, mayai yetu hayajambo?" Mke wa mchungaji akayaweka kwenye maombi ya Jumatano. Mimi nikafunga kula. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufunga kwa ajili ya viini vya mayai, lakini nilifunga.

Kule maabara walitenga ute, wakazimua kiini kwa maji, wakachuja, wakasafisha mpaka kikabaki kitu cheupe kidogo mno chini ya kichupa. Glory akaniita nishuke nione. Nikavaa gauni la kanisani. Wakanivika koti jeupe juu yake na mifuko ya plastiki kwenye viatu, nikatazama kwenye hadubini kwa jicho moja kama alivyonielekeza.

Mama Glory, ilikuwa kama usiku wa kiangazi huku mlimani wingu likishaondoka. Weusi, na ndani yake vijiduara vya kijani, kila kimoja na pete yake ya mwanga. "Hao ni askari," Glory akasema, "na hiyo pete ni kingamwili yetu imeshika kipokezi." Nikapiga vigelegele, wakaja watu kutoka vyumba vingine wakidhani kuna ajali.

Lakini yeye akanituliza. Kushika tu haitoshi, akasema, gundi nayo inashika. Lazima ishike kipokezi kilekile na isishike kingine. Akabadilisha kioo, akaweka askari wa ng'ombe wasio na sikio lile. "Tazama tena, shangazi." Nikatazama. Sikuona kitu, giza tupu. Nikaogopa, nikasema, mwanangu, mbona hakuna? Nilipoinua kichwa nikamkuta anatokwa na machozi anacheka. "Ndiyo hiyo," akasema. "Hapo panatakiwa pawe giza."

Wenzake wanaiomba hiyo kingamwili sasa. Mkuu wake amemwambia aendelee na kazi, mkataba umeongezwa, na askari waliotoka kwenye ng'ombe wenye ndigana ndio wanaofuata kupimwa. Dawa bado, na Glory anakasirika mtu akisema amepata dawa. Anasema amepata macho tu, ya kuona waliotekwa wanaelekea wapi. Mimi naona hayo macho tu ni jambo kubwa. Wewe ulikaa na yule ndama gizani.

Jumapili iliyofuata kaka alisoma matangazo. Ndiyo, amerudi mbele, hakai tena benchi la nyuma. Akasoma mazoezi ya kwaya, akasoma kikao cha kina mama, akasoma ndoa zinazotangazwa mara ya pili. Kisha akakunja karatasi, akavua miwani, akasema bila kusoma popote, "Mayai ya Mama Glory yameshika." Kanisa zima likaitikia Amina, kubwa, kama tunavyoitikia kwenye baraka ya mwisho. Natumaini uliisikia. Sisi tulisema kwa sauti.

Basi wifi yangu, kalamu nayo inaanza kufifia. Kesho nitaisoma barua hii pale kwako, kwa sauti ndogo, kaka asije akadhani nimechanganyikiwa. Nakuahidi mambo haya. Kicheche hatapita tena, seremala amekuja mwenyewe akatia mawe chini ya banda na amekataa malipo. Yule mweusi ameacha binti mmoja, mweusi kama mama yake na mdomo uleule, upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu, siku yoyote atataga. Yai lake la kwanza halitakwenda maabara. Kapu limerudi juu kwenye rafu, na mumeo ameshaniuliza kama limefutwa vumbi.

Pumzika kwa Bwana wako. Mtoto wako ulimwekea akiba, na akiba imeshika.

Kuku nimewafungia, kalale.

Wifi yako,
Anaeli